Mtwara hadi Kilwa Kisiwani, kwenda na kurudi siku moja: inawezekana?

Shangani_Mtwara
Wakuu, salaam. Tuko Mtwara mjini, watu wazima wanne na watoto wawili. Mmoja ni mama wa miaka sabini hivi, anatembea vizuri ila si wa kupanda miamba. Tunataka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani Jumamosi kwa basi na kurudi siku hiyohiyo. Muda unatosha? Kibali kinachukuliwa wapi, na chombo tunakodi au tunapanda na wanakijiji? Ikiwezekana tupitie na kisiwa cha Songo Mnara.

Njia_Panda
Kwa basi, hapana. Mtwara hadi njia panda ya Nangurukuru ni zaidi ya kilomita 250. Mkipanda basi la alfajiri la Dar mtashuka hapo saa nne au saa tano, halafu mtafute daladala au bajaji ya kuingia Kilwa Masoko, mji wa kuvukia, kama kilomita 30. Mkivuka ni saa saba. Kwenda si tatizo, kazi ni kurudi: mtategemea basi linalotoka Dar ambalo hamjui litapita saa ngapi wala kama lina nafasi. Barabara ikikatika upande wa Somanga, kama ilivyokuwa Mei 2024, halifiki kabisa. Nendeni Ijumaa, laleni Masoko, mvuke asubuhi. Siku moja ni ya mtu wa Lindi mwenye gari lake, naye aamke usiku.

Maji_Mafu
Kabla ya basi, tazameni mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa tena jioni. Hizo ndizo saa mnazotaka kushuka, na mtashukia kwenye tope. Kisiwani si tatizo kubwa, mtavua viatu na kutembea kidogo majini. Songo Mnara ndiko kwenye adhabu: chombo kinasimama mbali na mnapita kwenye mikoko, maji na tope, tena chini kuna makombe yanayokata mguu. Mama yenu msimpeleke huko maji yakiwa yamekupwa.

Chagueni tarehe 8 hadi 10 au 23 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Maji hujaa karibu na adhuhuri, kwa hiyo mkishuka saa nne na kuondoka saa nane nyakati zote mbili mnakuta maji yana kina. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, basi Jumamosi yenu mnaweza kuihesabu wenyewe.

Upepo nao. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hukaza mchana. Mlango wa Kisiwani ni mfupi, kama kilomita mbili, mtalowa tu. Songo Mnara ni saa nzima au zaidi kwa injini, na bahari ya alasiri huko si ya watoto. Visiwa vyote viwili siku moja ni kwa watu wazima wenye boti ya injini walioondoka saa moja asubuhi.

Binti_Masoko
Kibali ni Masoko, kabla ya kwenda bandarini. Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si pesa mkononi. Kwa kuwa ni Jumamosi, pigeni simu Ijumaa mchana mpange na muongozaji. Mtandao wa malipo ukikwama asubuhi, maji hayawangoji.

Chombo kodini. Cha wanakijiji ni rahisi lakini kinaondoka kikijaa, na kurudi ni hivyohivyo. Mnapopatana semeni tangu mwanzo: kwenda, kungoja saa nne, kurudi. Lipeni nusu, nusu nyingine mkirudi. Ombeni kuona majaketi ya kuokolea maisha kabla ya kutoa hata senti, hasa ya watoto, maana ya wakubwa hupwaya na mtoto huchomoka chini.

Maji ya kunywa bebeni lita mbili kwa kila mtu. Kisima cha kisiwani kina chumvi.

Shangani_Mtwara
Asante sana dada. Tumeahirisha Songo Mnara. Mama ataweza kufika kwenye jumba la Husuni Kubwa?

Binti_Masoko
Mnashukia karibu na Gereza, ile ngome ya Wareno ya 1505 iliyojengwa upya na Waomani. Kutoka hapo Msikiti Mkuu, Msikiti wa Kuba na jumba la Makutani viko karibu, ardhi ni tambarare, mama atafika bila shida. Husuni Kubwa iko mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwenye jua, tena juu ya genge la mwamba. Mwambieni nahodha mapema awapeleke kwa chombo hadi chini yake maji yakiwa yamejaa, kisha mpande taratibu. Anzeni huko saa nne, msikitini baadaye, kwenye kivuli.

Msimruhusu mtoto kupanda kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa ikishalika jiwe linatoka na mguu. Akitaka cha kutazama, Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane. Hilo ni la jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331.

Njia_Panda
Jumapili kurudi: muwe Nangurukuru mapema, na nafasi za basi mziwekee Ijumaa mkishuka. Watu sita hawapati viti pamoja njiani.