Kurejesha nakala rudufu ya Neo4j kutoka wingu hadi kompyuta ya nyumbani

Swali: Ndugu zangu, nimepakua nakala rudufu ya hifadhidata yetu ya Neo4j kutoka kwenye wingu, faili iitwayo `jumatatu.dump`, lakini kila nikijaribu kuirejesha kwenye kompyuta yangu naambiwa haipatikani, ilhali naiona kwa macho. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, amri ya `neo4j-admin database load neo4j` hutafuta faili yenye jina la hifadhidata yenyewe (hapa `neo4j`), kwa hiyo badilisha jina la faili yako liwe `neo4j.dump`, kisha chaguo la `--from-path` ielekeze kwenye folda iliyomo. Zima hifadhidata kwanza, ndipo uongeze `--overwrite-destination=true`; tafadhali angalia sana hapo, kwa kuwa data iliyokuwepo itafutika.

Jibu: Toleo lako la Neo4j nalo lisiwe la zamani kuliko la kule wingu.

Muulizaji: Kikwazo kilikuwa jina. Imefunguka, ahsanteni sana.