Kiungulia miaka miwili, nimechoka kumeza vidonge. Mnafanyaje wenzangu?

Fundi wa Barazani (Moshi)
Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa barazani hapa Moshi mjini, si mbali na soko la kati. Mwaka wa pili huu kiungulia kinanitesa. Kinaanzia chini ya chembe, kinapanda mpaka kooni, usiku naamka mdomo mchungu kama nimetafuna shubiri. Mchana gesi inajaa mpaka nalegeza kitenge kiunoni mbele za wateja. Juzi nilikuwa nampima mama mmoja kifua, nikambeulia usoni. Alicheka, ila gauni lake bado linaning'inia hapa.

Nameza omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Nikimeza nina nafuu, nikiacha siku nne moto unarudi kuliko wa mwanzo. Mwaka jana nilipima wale wadudu wa tumboni, bakteria wa H. pylori, nikaambiwa sina.

Ratiba yangu ndiyo hii: asubuhi chai ya rangi kavu, vikombe viwili. Saa saba wali maharage wa mama lishe, nakula nimeinamia cherehani, dakika tano sahani nyeupe. Kipindi cha sare za shule nafunga kazi saa tatu usiku, nakula ugali saa nne, saa nne na nusu niko kitandani. Nifanye nini ambacho si kidonge? Na tafadhali asiniambie mtu "punguza mawazo". Nina watoto watatu wanaodaiwa ada, nitayapunguzia wapi?

Seremala Ngarenaro
Pole sana dada. Mimi niliponea kitandani. Usiongeze mito, mito inakukunja tumboni ndiyo inakamua zaidi. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20. Nilianza na tofali, likapasuka saa nane usiku, mke wangu akadhani ni tetemeko. Sasa nimekata vipande vya mbao ngumu, kila kimoja nimekichimba kishimo katikati mguu ukae usiteleze.

Halafu lalia ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo mlango wa kooni unakuwa juu ya ile asidi. Ukilalia kulia umekuwa chupa ya soda iliyolazwa bila kizibo. Na ukishakula, kaa muda wa saa tatu ndipo ulale. Hilo kwako naona ndiyo mtihani.

Mama Kibosho
Maharage msiyasingizie, ni upishi! Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yote, chemsha kwa maji mapya. Yale maji unayomwaga yanaondoka na sehemu ya kinacholeta gesi. Mama lishe anayewahi mteja wa saa sita haloweki kitu. Mimi ningekuwa wewe ningebeba mtori kwenye chupa ya chai, ukanywa kidogo kidogo badala ya kushindilia mara moja. Na maziwa, bibi zetu walituambia yanazima moto. Yanazima kweli, nusu saa, halafu tumbo linatoa asidi upya.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, nina maswali mawili. Siku ile unapima wadudu, ulikuwa bado unameza omeprazoli? Na mgongo wako, kwa kuinama kutwa nzima, unaumeziaga nini?

Fundi wa Barazani
Shikamoo mama. Umejuaje mgongo? Nameza diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, karibu kila jioni. Na ndiyo, nilipima choo huku naendelea na omeprazoli. Hakuna aliyeniuliza.

Muuguzi Mstaafu
Marahaba. Basi kitanda kiinue, lakini shida iko kwenye hizo diklofenaki na kile kipimo. Diklofenaki inachubua utando wa tumbo, hata ukila kwanza. Na omeprazoli inawadhoofisha wadudu mpaka kipimo hakiwaoni, inatakiwa isimame wiki mbili kabla ya kupima. Usiikate mwenyewe ghafla, tumbo lililozuiwa muda mrefu likiachiwa linamwaga asidi kwa fujo, huo ndio moto wako wa siku ya nne. Mwone daktari akupangie.

Sisi tulifundishwa vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliyesema vinaletwa na wadudu hao, akawanywa mwenyewe, akaugua tumbo, watu wakaanza kumsikiliza. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel 2005. Mpaka leo watu bado wanaambiwa wapunguze mawazo.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni au ukikonda bila sababu, usisubiri majibu ya humu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi wa Barazani (wiki sita baadaye)
Nimerudi. Diklofenaki nimeacha, mgongo naukanda kwa kanga na maji ya moto, na stuli nimeipandisha kwa mto wa vitambaa vilivyobaki, siinami kama zamani. Chakula cha usiku nakula saa kumi na mbili na nusu, hapo hapo barazani, nimekibeba kwenye kontena, nikirudi nyumbani nanywa maji tu. Kitanda tumekiinua. Mume wangu wiki ya kwanza alikuwa anateleza, asubuhi namkuta miguu iko nje ya neti.

Usiku siamki tena na uchungu mdomoni. Gesi ipo, ila kitenge silegezi. Chai ya rangi imenishinda kuacha, nimeisogeza tu, natanguliza kiazi.

Daktari alinisimamisha omeprazoli wiki mbili, nikapima tena. Wadudu ninao. Nimepewa dawa za siku 14, mimi niliyekuja humu kukimbia vidonge! Leo siku ya tisa. Yule mama wa gauni amekuja kulichukua, nikamwambia asogee nyuma kidogo.