Madimbwi ya kambale mto Bubu yamejaa mchanga, tuchimbe na katapila?

MdauBahi
Wakuu, kipande cha Bubu cha kama mita 400, juu ya mbuga (bonde la majimaji) ya Bahi, Dodoma. Madimbwi matatu yaliyokuwa yanashika maji hadi Oktoba sasa Julai makavu. Kijiji kina hela ya katapila ya siku mbili. Tukishusha mita 2 kabla ya mvua za Desemba, kambale watarudi?

Kingamaji
Mtachimba, na furiko la kwanza litafukia. Dimbwi linakaa pale ambapo maji yanachota mchanga kuliko yanavyouleta: nje ya kona, chini ya mwamba, penye mizizi ya mkuyu. Shimo la katikati ya mto mnyoofu ni mtego wa mchanga tu.

Pimeni kwanza. Chukueni nondo ya milimita 12 yenye mita 3, pigeni kila baada ya mita 5 kufuata mkondo. Ikizama laini kisha ikagota, na ncha ikatoka na mfinyanzi, hapo ndipo sakafu ya zamani. Halafu vuteni kamba ukingo hadi ukingo, isawazisheni kwa mpira wa levo (bomba laini la kuona lililojazwa maji), pimeni kina kila mita 1. Vigingi vikae nje ya ukingo, la sivyo Mei mtarudi msivione. Kama mto umepanuka, maji yametandaa na nguvu ya kuchimba hakuna tena.

FundiWaya
Wekeni gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) kwenye kona, kazi imeisha.

Kingamaji
@FundiWaya gabioni juu ya mchanga mtupu hulalia mtoni, kwa sababu maji huchimba mguuni. Lazima itanguliwe na mkeka wa gabioni uliolala mbele yake ili ushuke pamoja na mchanga. Hata ikisimama, mkondo unahamia ng'ambo.

Chanzo kiko juu, kwenye makorongo. Vizuizi vya mawe mle vipangwe hivi: nafasi kati yao ni kimo gawanya kwa mteremko. Kimo sm 50, mteremko asilimia 2, basi kimoja kila mita 25. Katikati pawe chini kuliko pembeni, ncha ziingie ukutani angalau sm 50, na mawe yatandazwe chini ya maporomoko. Wengi huweka juu bapa, maji yanazunguka pembeni na korongo linazidi kupanuka. Na mifugo je? Kondoa, HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) ilianza 1973, lakini nyasi na vichaka vilirudi hasa mifugo ilipoondolewa 1979. Mawe peke yake hayatoshi.

Mtegandoana
Upande wa samaki: kambale anavuta hewa ya juu, kwa hiyo maji machafu yenye hewa kidogo si shida yake kubwa. Shida ni kukauka, na kuanikwa mbele ya korongo (ndege, si lile la mmomonyoko) na mikuki. Mayai anayanatisha kwenye nyasi zilizofurikwa na mvua za mwanzo. Mkijenga tuta kulinda mpunga mkaziba njia ya kwenda kwenye nyasi hizo, hata dimbwi la mita 3 litabaki na wazee tu.

MdauBahi
Asanteni. Sasa siku mbili za katapila?

Kingamaji
Ombeni kibali cha bodi ya maji ya bonde kwanza. Kisha mlaze ukingo uliosimama wima, mita 2 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo. Mvua zikianza tu pandeni vetiva (nyasi za mizizi mirefu) kwa nafasi ya sm 10 hadi 15, matete mguuni. Bustani za vitunguu zitoke ndani ya mita 60 za ukingo, sheria ya mazingira ya 2004 inasema hivyo. Mkiona kwenye nondo kwamba sakafu ya zamani iko kwenye kona, hapo tu ndipo mchimbe.