Safari ya Kiwayu, visiwa vya Lamu (familia tu)

Ami Nahodha: Assalaam alaykum jamaa. Boti ishakauka rangi na injini zote mbili zashika vizuri. Tunaondoka Ijumaa baada ya sala, saa nane, kurudi Jumanne inshallah.

Shangazi Bondeni: Waalaykum salaam. Saa nane na jua lote hilo?? Si tutoke saa tatu asubuhi tukapike mchana Pate, mimi nina kuku wawili wa kienyeji nishawalia njama

Ami Nahodha: Dada, saa tatu ukifika Mkanda, ule mlango wa bahari baina ya Manda na bara, utakuta matope na kaa. Ijumaa hiyo ni bamvua, maji ya kujaa sana na kukupwa sana, mwezi ndo umeandama, maji yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, saa nne asubuhi yamekupwa kabisaa hata mtumbwi wasukumwa kwa pondo

Shangazi Bondeni: Basi zunguka nje ya Manda kwani bahari imefungwa

Ami Nahodha: Nje kuna upepo wa kaskazi na sisi twaelekea huko huko inakotoka. Watoto sita chomboni. Na ile safari ya Ndau nani alishika ndoo njia nzima?

Zuu: 😂😂😂

Shangazi Bondeni: Zuu nitakuja hapo

Khalid: Ami na tukisongeza wiki moja? Nimeangalia kwa simu, Ijumaa ile nyingine maji yanajaa saa nne asubuhi, inafaa kila mtu

Ami Nahodha: Umeangalia saa hukuangalia kimo mwanangu. Hayo ni maji mafu, yanajaa kidogo na kukupwa kidogo. Siyu tutakapolala Jumamosi unaingia kwa kijito ndani ya mikoko, na boti ikiwa na watu na madumu inakaa chini, tutashinda humo twasukuma. Bamvua ndo yatupeleka mpaka ndani

Ami Nahodha: Skizeni basi niseme mara moja. Ijumaa saa tisa tuko Takwa, yale magofu ya Manda, nako pia kijito chataka maji, kwa hivyo saa kumi na moja kila mtu yuko chomboni sitaki kutafuta mtu magofuni, tunapita Mkanda maji yangali mengi tunalala Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Jumamosi asubuhi maji yakiwa yamekupwa boti ikae, sisi twaenda mji wa Pate kwa miguu ni kama mwendo wa saa moja, jioni maji yakijaa twaingia Siyu tuone ngome tulale hapo. Jumapili alfajiri twatoka na maji hayo hayo, Faza, Ndau, Kiwayu. Jumatatu kupumzika. Jumanne tung'oe nanga saa kumi na mbili alfajiri saa mbili tuwe Mkanda, kila siku maji yasogea mbele robo tatu ya saa hivi kwa hivyo asubuhi hiyo yatakuwa bado yatutosha

Zuu: Bibi ametuma voisi kwangu anasema Takwa msipite tu mkipiga picha, wazee wa Shela walitoka huko na mpaka leo watu huenda kuomba mvua, mtu asome Fatiha. Na anauliza nani amemwambia Ami kuwa yeye haendi 👀

Ami Nahodha: Mwambie nafasi yake ni ya nyuma karibu na mimi

Mamake Nasra: Shemeji mi naulizia laifujaketi. Mwaka jana ile ndogo ya machungwa kifungo kilikuwa kimekatika mkaifunga kwa leso, Nasra hapandi na hiyo

Ami Nahodha: Nimenunua mpya tatu za watoto. Ile ya leso nimemtupia fundi ajazie kiti

Mamake Nasra: Ahsante. Na maji ya kunywa? Kiwayu maji matamu ni ya shida, tusiende kuwamalizia wenyeji

Ami Nahodha: Madumu manne ya lita 20 ya kunywa tu. Ya kuoga wanaume bahari ipo

Khalid: Petroli je

Ami Nahodha: Theluthi ya kwenda theluthi ya kurudi theluthi haiguswi. Oili lita moja kwa petroli lita 50, usinichanganyie kwa macho kama unavyotia sukari kwenye chai

Shangazi Bondeni: Haya. Kuku nitawapika Alhamisi usiku, niwakaange wakauke, na mkate wa mofa, tutakula Mtangawanda. Lakini mwavuli wangu naja nao

Ami Nahodha: Mwavuli kwenye spidiboti?

Shangazi Bondeni: Naja nao.

Khalid: Pesa ya petroli tunatuma kwa nani

Ami Nahodha: Kwa Zuu, mwisho Jumatano magharibi. Asiyetuma simuandikii nafasi