"Maskini wa aina gani anavaa raba nyeupe?" Yule mama wa dirisha la pili leo kanimaliza

Wakuu natype huku mikono inatetemeka, kama kuna herufi zimekimbia nisameheni. Mliosoma hapa Moshi mnamjua sina haja ya kumtaja, yule wa dirisha la pili, miwani ya kamba, chupa ya chai ambayo haijawahi kuisha tangu tupate uhuru.

Kwa wasiojua, chuoni kuna ule mpango wa sisi ambao mkopo haukufika asilimia mia, unafanya kazi hapo hapo, jikoni, bustanini, maktaba, wanakukatia kwenye ada. Mimi napanga vitabu. Sasa masharti yake! Masaa yasizidi 15 kwa wiki, ukizidisha umejitolea. Ukishuka GPA ya 2.7 unatolewa, yaani kazi ikikufelisha wanakunyang'anya na kazi. Fomu ya masaa isainiwe na msimamizi na ifike dirishani Ijumaa kabla ya saa sita, na msimamizi wangu Ijumaa kumpata asubuhi ni kama kuuona mlima mwezi wa nne.

Leo nimempata. Saa tano na nusu nipo kwenye foleni na jasho langu. Zamu yangu inafika, yule mama hata fomu haangalii, anajiinua kwenye kiti anachungulia dirishani mpaka chini miguuni, anakaa, anafuta miwani, halafu kwa ile sauti ya kutangaza msiba: "Kijana, wewe ni maskini wa aina gani unavaa raba nyeupe?"

Watu mia tano nyuma yangu. Sawa labda ishirini. Na yule binti wa mwaka wa pili ni wa tatu kwenye foleni.

RABA NYEUPE!! Nimenunua soko la mitumba la Memorial elfu saba baada ya kubishana mpaka muuzaji akaomba maji, soli ya kushoto inashikiliwa na gundi na maombi, weupe wenyewe ni dawa ya meno. Ningeenda na ndala angesema nimedharau ofisi. Nikamwambia mama hizi ni mtumba, akajibu "wote ndo mnavyosemaga", akaangalia saa, akafunga dirisha. Saa sita na dakika moja. Masaa 15 yote yameenda na maji.

Maskini wa aina gani. Kwani tupo aina ngapi? Nilete barua ya mtendaji kwamba na miguu nayo haina uwezo? Nipo geto hapa naziangalia hizi raba, nazo zinaniangalia.

Ndizi_Mshale: Uzi bila picha ya raba ni chai. Weka picha.

Mama Wawili Njoro: Huyo huyo! Mimi aliniuliza mbona nanenepa kama kweli nyumbani hakuna hela. Nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Geto Namba 9: Dogo kinachokuuma sio masaa, ni yule binti kusikia. Sema ukweli upone.

Mleta mada: Alicheka mkuu. Alijifanya anakohoa ila alicheka.

Bumu La Jana: Nyie mna bahati mnatukanwa bure, mimi natukanwa na mama ntilie huku nalipa. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilivyopanda kutoka 8,500 kuwa 10,000 kwa siku tukashangilia, kumbe na yeye ana redio, wiki haijaisha wali maharage umepanda na maharage yamepungua. Siku hizi unayahesabu kwa majina.

Meku Mstaafu: Vijana mnalialia sana. Sisi tumemaliza chuo hata hiyo Bodi ya Mikopo haijaanza kazi, wameanza 2005. Tulikuwa na jozi moja ya viatu na tulivaa kwa zamu.

Ndizi_Mshale: Shikamoo babu. Kwa zamu na nani, na mguu wa pili?

Msugua Sufuria: Huku nilipo Marekani mpango kama huo ni wa serikali, upo tangu 1964, unaitwa Federal Work-Study. Saa za darasa kwa kawaida huruhusiwi kuwa kazini, hela unalipwa angalau mara moja kwa mwezi na haishuki chini ya dola 7.25 kwa saa, japo hiyo 7.25 yenyewe haijasogea tangu 2009. Ila sisi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hatumo. Tunaruhusiwa tu kazi za chuo mwisho masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, ndo maana nasugua sufuria za bwalo.

Geto Namba 9: Diaspora hawezi kupita uzi bila "huku nilipo". Nyumbani umetuma lini mara ya mwisho?

Chalii wa Ngarenaro: Tuache hayo, raba ya gundi elfu saba?? Chalii yangu umepigwa. Kilombero Arusha kwa hela hiyo unaondoka na raba nzima na soksi.

Mama Wawili Njoro: Mtu atoke Moshi kilometa 80 kufuata soksi? Memorial ukiwahi belo linafunguliwa unapata vitu, shida mnaamka saa nne.

Chalii wa Ngarenaro: Memorial wanauziwa tulivyokataa sisi.

Bumu La Jana: Arusha mnajuaga bei za watalii tu. Nilinunua jaketi huko, zipu ikabaki mkononi kabla sijafika Usa River.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada basi, nimeambiwa MASKINI WA AINA GANI mbele ya watu

Geto Namba 9: Tumesikia. Raba namba ngapi?

Mleta mada: 42

Geto Namba 9: Elfu tano nakuja nayo sasa hivi.

Mleta mada: Sita. Soli ya kushoto nimeshakwambia.