Mnatuambia tuwe makini na sindano. Sefti boksi ziko wapi?

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo anayetaka lugha ya upole apite kando. Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi hospitali moja hapa Mombasa ambayo sitaitaja, maana mshahara bado nautaka.

Wiki hii mama mmoja wa usafi wodini kwetu amedungwa na sindano. Hakuwa akimtoa mtu damu wala kuweka dripu. Alikuwa amebeba mfuko wa taka. Sindano ilitoboa mfuko, ikatoboa glavu, ikamwingia chini ya kidole gumba. Na glavu yenyewe ilikuwa hizi nyembamba za kupimia wagonjwa, si zile nene za mpira anazostahili kupewa mtu wa taka.

Mnajua neno la kwanza aliloambiwa? "Mama, si ungekuwa unaangalia!"

Aangalie nini? Mfuko ulikuwa mweusi. Kila mtu wa wodini anaujua mpangilio wa rangi: mweusi ni wa taka za kawaida, karatasi na maganda ya ndizi, wa manjano ni wa taka zenye maambukizi, mwekundu ni wa zile hatari zaidi. Sindano haina mfuko wake hata mmoja. Sindano ikitoka kwa mgonjwa inaingia kwenye sefti boksi, basi. Sasa kama sefti boksi hazijaletwa, sindano ziende wapi?

Niwaambie zinakoenda. Kuna katoni ya dripu, imekatwa tundu juu kwa wembe, imezungushiwa plasta, na ubavuni mtu kaandika SINDANO kwa kalamu ya wino. Inakaa chini ya toroli. Asubuhi deki inapigwa, maji yanapita hapo hapo, na kwa unyevu huu wetu wa pwani katoni haikauki. Kitako kikawa kama mkate uliochovywa chai. Mtu wa zamu alipoinua, sindano zikamwagika sakafuni. Zikafagiliwa. Zikatiwa kwenye mfuko uliokuwa karibu. Mfuko huo ndio aliokuja kuubeba yule mama, ambaye hakuuliza kilichomo kwa sababu hakuna siku aliyowahi kuambiwa aulize.

Sefti boksi si chombo cha ajabu, jamani. Ni boksi la manjano la kadibodi ngumu isiyotobolewa na sindano, lenye tundu ambalo kitu kikiingia mkono hauwezi kukifuata. Lile la lita 5 linameza mabomba ya sindano kama 100. Likifika robo tatu unalifunga, linaenda kuchomwa. Tukiletewa, tunaletewa machache, kwa hivyo hata hayo machache hatuyafungi kwenye robo tatu. Tunayajaza mpaka sindano zinachungulia. Nimemwona mtu akilitikisa ili zishuke. Nimemwona mwingine akisukuma kwa kidole. Halafu ukutani, juu yake kabisa, kuna bango: EPUKA AJALI ZA SINDANO, KUWA MAKINI.

Hilo "kuwa makini" ndilo linalonichoma zaidi ya sindano yenyewe.

Hebu niwapeleke zamu ya usiku. Mtoto wa miaka miwili ana homa, anatakiwa kutolewa damu. Mamake kamkumbatia, mtoto anarusha miguu. Umepata mshipa, damu umechukua, sasa unachomoa. Mkono mmoja una pamba umeibana pale ulipodunga, mkono wa pili una sindano wazi yenye damu. Boksi, kama lipo, liko meza ya masista, mwisho wa wodi. Kati yako na hiyo meza kuna jamaa za wagonjwa wamelala sakafuni juu ya leso. Utafanya nini? Utapita na sindano wazi juu ya vichwa vya watu? Utaiweka kitandani penye mtoto? Wengi tunarudisha kifuniko. Na kurudisha kifuniko ndiko tulikokatazwa tangu mwaka wa kwanza chuoni, kwa sababu hapo ndipo kidole cha mkono wa pili kinapodungwa. Ukidungwa, ripoti itaandikwa: "Alirudisha kifuniko kinyume cha utaratibu." Umbali wa boksi hauandikwi.

(Kwa wanafunzi mnaosoma hapa: kama hamna budi, kifuniko kikae mezani, mkichote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja tu, ule mwingine uwe mgongoni. Hiyo ni ya dharura. Msije mkaifanya mazoea.)

Boksi linatakiwa liende na wewe mpaka kitandani, kwenye trei au toroli, mahali mkono unafika bila kupiga hatua. Haya si maoni yangu, ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo wanavyoandika wakubwa wale wale kwenye miongozo yao.

Sasa hesabu ya hatari, kwa sababu kila nikilalamika mtu ananiambia "ukimwi hauambukizi kirahisi hivyo". Ni kweli. Ukidungwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa 1,000. Lakini nani kasema tunaogopa ukimwi peke yake? Hepatitis B, homa ya ini, kwa mtu asiyechanjwa, uwezekano ni kuanzia 6 hadi 30 kwa kila 100. Someni tena. Na kirusi chake kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, yaani ile sindano ya juzi ndani ya mfuko wa leo bado ina kazi.

Hii B ina chanjo. Dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, ya mwezi wa sita. Watoto wetu wanaipata kliniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, kama hukutafutiwa na kazi au hukujilipia, huna. Kwetu walichanjwa baadhi ya wauguzi, tena dozi ya tatu ikapotea njiani. Wale wa usafi, wa dobi, na yule kijana anayechoma taka, hakuna aliyewaita. Watu wanaoshika taka zetu zote ndio hawana kinga hata kidogo! Astaghfirullahi.

Hepatitis C haina chanjo wala dawa ya kujikinga baada ya kudungwa. Inatibika siku hizi, lakini ukishaipata.

Turudi kwa yule mama. Kilichotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni. Basi. Si kukamua kidole, si kukinyonya, si kumwagia Jik kama alivyotaka kumfanyia mwenzetu mmoja kwa huruma zake. Mfereji ukafunguliwa, ukakohoa. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Kidole kikaoshwa kwa kata kutoka kwenye mtungi wa lita ishirini ulionunuliwa kwa mkokoteni, na sabuni ya kipande iliyotoka kwenye mkoba wa mgonjwa. Hospitalini!

Kisha dawa. Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya ukimwi visishike baada ya kudungwa, zinafaa kuanzwa haraka iwezekanavyo, saa za kwanza kwanza, na zikipita saa 72 hazina maana tena. Unazimeza siku 28. Kwetu zinakaa kliniki ya CCC, ile ya wagonjwa wa ukimwi. Kliniki inafungwa jioni, na wikendi haifunguliwi. Funguo anayo mtu ambaye saa hizo yuko zake Likoni ng'ambo ya feri. Pigeni hesabu wenyewe: aliyedungwa Ijumaa saa mbili usiku, akisubiri Jumatatu saa mbili asubuhi, zimeshapita saa 60. Kopo moja la dawa lingekaa kwenye kabati la zamu, pamoja na fomu moja ya kujaza. Ni gharama gani hiyo? Tumeiomba. Tukaambiwa "zitaibiwa".

Yule mama alizipata siku ya pili, baada ya dada mmoja wa maabara kupigapiga simu kwa pesa zake. Akapangwa foleni benchi la CCC mchana kweupe, na jirani yake wa mtaani akampita pale akamwangalia. Mnajua mitaa yetu. Akarudi akaniuliza, kwa sauti ya chini, lile kopo alifiche wapi nyumbani, maana linalia kama kayamba na mumewe hataelewa. Mimi sikuwa na jibu. Kumwita mumewe, kumkalisha na kumweleza ni kazi ya mshauri, na mshauri hakuna aliyempa. Wala hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa arudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa, na tena baada ya miezi, au kwamba kwa muda huo yeye na mumewe watumie kinga.

Na fidia? Haya, ndipo filamu inapoanza. Hospitali inasema yeye si mfanyakazi wao, ni wa kampuni ya usafi. Kampuni inasema ajali ni ya hospitali, waulizeni hospitali. Wakati sheria ipo tangu mwaka 2007, tena mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye watu 20 au zaidi kuwe na kamati ya usalama. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, hii mnayoiita WIBA, inamtaka mwajiri akishapata habari ya ajali aipeleke kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si wa hospitali, ndani ya siku 7. Nimeuliza kamati yetu ya usalama ni kina nani. Nimetajiwa mtu aliyestaafu.

Halafu mnashangaa kwa nini watu hawaripoti. Mwuguzi wa kontrakti ambaye karatasi yake inakaribia kuisha aende akajiandikishe kwamba "hakuwa makini"? Ataosha kidole, atanyamaza, ataomba Mungu. Vitabu vya ajali vinabaki vyeupe, na mkubwa anavionyesha: "Unaona? Hapa hatuna tatizo la sindano."

Wenzetu waliacha zamani kubishana kuhusu umakini. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 kwamba waajiri watumie sindano zenye kinga, zile ambazo ncha inajirudisha ndani au inajifunika ikishatumika, na kwamba wafanyakazi wenyewe waulizwe maoni kabla ya kununua. Ulaya wakatoa agizo lao 2010, nchi zikapewa mpaka 2013 kulitekeleza. Shirika la Afya Duniani likazihimiza nchi zote 2015. Walikubali kwamba mkono wa binadamu uliochoka saa tisa usiku utateleza tu, kwa hivyo wakabadilisha chombo.

Msiniambie ni vitu vya ng'ambo. Hapo Kilifi, mwendo wa matatu tu kutoka hapa, kuna kiwanda kinachotengeneza sindano za kujifunga na kuziuza nchi nyingine. Ingawa tuelewane: ya kujifunga maana yake haitumiki mara ya pili, inamkinga mgonjwa. Ncha bado iko nje, kidole changu bado kinaweza kudungwa. Ile ya kujirudisha ndiyo ninayoisema. Lakini mimi hata hiyo siidai leo. Mimi nadai boksi la kadibodi.

NYONGEZA, nimesoma majibu yenu:

Aliyesema "vaeni glavu mbili": glavu haizuii sindano, kaka. Inapangusa sehemu ya damu iliyo kwenye ncha inapopita, na hilo ni jambo zuri, na chumba cha upasuaji mbili zinasaidia kweli, pamoja na kupitishiana visu kwenye bakuli badala ya mkono kwa mkono. Wodini glavu moja tunagawana kwa hesabu, hizo mbili utazitoa wapi?

Aliyesema tuliapa kuwatumikia wagonjwa: nilipoapa hukuwepo. Na yule mama wa usafi hakuapa kitu, alisaini karatasi ya kibarua.

Aliyeuliza kwa nini nisiandike barua badala ya kupiga kelele mtandaoni: barua niliandika, nakala ninayo, yenye muhuri wa kupokelewa. Iko kwa matroni, au ilikuwa kwa matroni. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Kama kuna mtu hapa Mombasa, muuguzi, klinikal ofisa, mtu wa maabara au wa usafi, aliyewahi kulipwa WIBA kwa kudungwa na sindano, aandike hapa chini alianzia ofisi gani, alijaza fomu ipi, na kama kampuni ya usafi ilijaribu kumruka alifanya nini. Siku 7 za mwajiri zinahesabika tangu alipopewa habari, na zetu zimeshaanza kukatika. Asiyetaka kuandika hadharani anitumie ujumbe faraghani. Wenye nasaha za umakini, uzi wenu fungueni kwingine.