Naombeni ushauri, mchujo wa Minnesota nipige au nikae nyumbani?

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Marekani. Niko Minneapolis, uraia nimepata 2022, na kuupata huu ule wa Tanzania ndo ukaniponyoka, kwahiyo kura yangu naionea uchungu sana. Sasa mchujo wa urais, yani kura ya kila chama kuchagua mgombea wake, ni tarehe 5 Machi 2024 na sioni wa kumpa. Biden ana 81, Trump 77, walewale wa 2020, yani kama ugali wa jana umepashwa moto. Dean Phillips, mbunge wa hapahapa kwetu anayeshindana na Biden ndani ya Democratic, yupo lakini naona anasindikiza tu, Nikki Haley nae upande wa pili, anayeshindana na Trump kwa Republican, sera zake hatuendani.

Juzi nikajikaza nikaenda kupiga mapema. Karani akanipa fomu nichague karatasi ya chama gani, kuna na mstari wa kusaini kwamba nakubaliana na misingi ya hicho chama. Peni mkononi, nyuma yangu mama wa watu na mtoto analia, nikasema narudi. Sijarudi.

Mke wangu anasema nichukue ya Democratic niweke alama kwenye kale kaboksi ka wasiofungamana na mgombea yeyote, kama walivyofanya Michigan zaidi ya laki moja.

Maswali yangu: kura ya hivyo inawashtua kweli wakubwa wa chama au najisumbua? Na nasikia chama kinapewa majina ya waliochukua karatasi yake, mliowahi kupiga, baada ya hapo walianza kuwasumbua na simu za michango?